Namna ya Kusoma Mswada wa Baraza la Kuratibu Waendesha Mashtaka na Kutoa Maoni kutoka Lamu

Miswada inayogusa ofisi ya mashtaka huchukuliwa kuwa shughuli ya mawakili wa Nairobi, na ndiyo sababu aghalabu hupita bila neno moja kutoka Lamu, ilhali mvuvi wa Faza aliyekamatwa na nyavu zilizopigwa marufuku, au mkata mikoko aliyezuiliwa pamoja na jahazi lake la boriti, ndiye atakayesimama kizimbani sheria hiyo itakapoanza kutumika. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuusoma mswada unaounda au kubadilisha baraza la kuratibu kazi ya waendesha mashtaka, mambo ya kuyatafuta ndani yake, na jinsi ya kuandika maoni ambayo wabunge watashindwa kuyapuuza. Hauhitaji shahada ya sheria. Unahitaji subira, kalamu na watu watatu au wanne wa kusoma nao.

Jambo la kwanza ni kutenganisha ofisi na baraza, kwa sababu mswada wenyewe unaweza kuvichanganya. Ofisi ni ile ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, iliyoanzishwa na Kifungu cha 157 cha Katiba ya 2010. Kabla ya Katiba hiyo, mamlaka ya kushtaki yalikuwa mikononi mwa Mwanasheria Mkuu, ambaye wakati huohuo alikuwa mshauri wa serikali katika mambo ya sheria, na mtu mmoja kuvaa kofia hizo mbili kulizaa malalamiko ya miaka mingi kuhusu kesi zilizoondolewa mahakamani bila maelezo. Kifungu cha 157 kiliikata kamba hiyo. Mkurugenzi hahitaji idhini ya mtu wala mamlaka yoyote ili kuanzisha kesi ya jinai, na hawi chini ya maelekezo wala udhibiti wa yeyote. Hata hivyo hakuachiwa afanye atakavyo: hawezi kuondoa kesi bila ruhusa ya mahakama, na akiiondoa baada ya upande wa mashtaka kufunga ushahidi wake, mshtakiwa anaachiliwa kama mtu aliyeonekana hana hatia.

Baraza ni kitu kingine. Ni meza ambapo taasisi kadhaa huketi kupanga kazi zao zisigongane, na Kenya tayari inayo meza ya aina hiyo: Baraza la Kitaifa la Usimamizi wa Haki, lililoundwa na kifungu cha 34 cha Sheria ya Huduma za Mahakama ya 2011, ambalo mwenyekiti wake ni Jaji Mkuu na ambamo Mkurugenzi wa Mashtaka ni mwanachama mmoja miongoni mwa wengi. Katika vituo vya mahakama hufanya kazi kupitia kamati za watumiaji wa mahakama, na aliyewahi kuhudhuria kikao cha kamati kama hiyo anajua kwamba huzungumzia mambo ya kawaida kabisa, kama vile mashahidi wasiofika, mahabusu wanaocheleweshwa na vielelezo vinavyooza kabla ya kesi kusikizwa. Kwa hiyo swali la kwanza la kuliandika pembeni mwa ukurasa ni hili: baraza jipya litafanya nini ambacho lile la 2011 haliwezi kukifanya? Ikiwa mswada haujibu, hilo peke yake ni hoja ya kutosha kuipeleka Bungeni.

Tayarisha nyaraka tatu: mswada wenyewe, Katiba, na Sheria ya Ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, Namba 2 ya 2013. Zote hupatikana bure katika tovuti ya Kenya Law, na ni afadhali kuzichapa kuliko kuzisoma kwenye simu, kwa kuwa mtalazimika kulinganisha vifungu vikiwa wazi mbele yenu kwa pamoja. Msianze kusoma mwanzoni. Kurasa za mwanzo za mswada hujaa malengo na kanuni nzuri ambazo hakuna anayeweza kuzipinga, na humo ndimo huandikwa kwamba baraza litakuwa huru. Anzeni na jedwali la nyuma, lenye utaratibu wa vikao, akidi (idadi ya chini ya wajumbe wanaotakiwa kuwapo ili kikao kiwe halali), namna ya kupiga kura na namna mjumbe anavyoondolewa, kisha rudini katikati kwenye mamlaka ya baraza. Sentensi ya uhuru isomeni mwisho, mkiwa mmeshajua kama imebaki na maana.

Mamlaka ya baraza juu ya faili

Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi kuliko mahali pengine popote. Uratibu una maana mbili zilizo mbali sana. Kuna uratibu wa mambo ya jumla, kama mafunzo, viwango vya ushahidi, mfumo mmoja wa kuhifadhi kumbukumbu na ratiba ya kupokezana majalada kati ya wapelelezi na waendesha mashtaka. Kisha kuna uratibu unaoingia ndani ya faili la mtu mmoja: ashtakiwe au asishtakiwe, kwa kosa gani, kesi iendelee au iondolewe. Ule wa kwanza unafaa na unahitajika. Huu wa pili, hata ukipewa jina la heshima, ni udhibiti uliokatazwa na Kifungu cha 157.

Chukueni kesi mnayoifahamu na kuipitisha ndani ya mswada hatua kwa hatua. Kaunti ya Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, na tangu marufuku ya ukataji miti ilipotangazwa mwaka 2018, kesi za pau na boriti zimekuwa jambo ambalo kila kijiji kinalielewa. Tuseme askari wa misitu wamelikamata jahazi. Wanaokamata ni taasisi moja, wanaochunguza huenda ni polisi, na anayesimama mahakamani anaweza kuwa ofisa wa taasisi nyingine aliyeteuliwa na Mkurugenzi kuwa mwendesha mashtaka kwa tangazo katika Gazeti Rasmi la Serikali, kwa kuwa Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, Sura ya 75, inaruhusu uteuzi huo. Sasa ulizeni mswada: baraza linaweza kuitisha faili la jahazi hili? Linaweza kuamua kwamba kesi zote za mikoko zishtakiwe kwa ukali zaidi mwaka huu? Mjumbe wa baraza anayetoka katika idara iliyokamata atapiga kura katika uamuzi huo? Ofisa aliyeteuliwa atamtii nani maagizo yakipingana, Mkurugenzi au mkubwa wake wa idara? Mkijibu maswali hayo kwa kutaja namba za vifungu, mtakuwa mmeuelewa mswada kuliko wengi watakaoupigia kura.

Katiba yenyewe ina kielelezo kizuri cha namna ya kuuchora mpaka huu, nacho kimo mahali ambapo wengi hawapatazami, katika vifungu vya polisi. Kifungu cha 245 kinamruhusu Waziri kumpa Inspekta Jenerali maelekezo ya sera, lakini kinakataza mtu yeyote kumwelekeza kuhusu uchunguzi wa kosa fulani, kuhusu kutekeleza sheria dhidi ya mtu fulani, au kuhusu kuajiri, kupandisha cheo na kufuta kazi maofisa. Kinaongeza kwamba maelekezo yanayoruhusiwa lazima yawe kwa maandishi, hata yale ambayo Mkurugenzi wa Mashtaka humpa Inspekta Jenerali ili achunguze tuhuma. Kama mswada wa baraza hauna kifungu cha namna hii, pendekezeni kiingizwe, na mkiige muundo wake: sera ndiyo, kesi ya mtu hapana, na kila kitu kiandikwe. Kwa maoni yangu hilo la maandishi lina nguvu kuliko kurasa kumi za kanuni, kwa sababu simu ya usiku haiachi alama, lakini barua inaweza kuitishwa mahakamani.

Wanaoketi mezani

Orodheni wajumbe wote katika karatasi, na mbele ya kila mmoja andikeni nani anamteua, kwa muda gani, anaweza kuteuliwa tena au la, na nani anaweza kumwondoa. Kisha hesabuni ni wangapi wanategemea mkono mmoja. Akidi isomeni pamoja na orodha hiyo: baraza la watu kumi na mmoja ambalo akidi yake ni watano linaweza kuamua jambo bila Mkurugenzi wa Mashtaka kuwapo, na bila mwakilishi yeyote wa nje ya serikali.

Mfano wa mbali unaweza kusaidia hapa. Umoja wa Ulaya una chombo cha kuratibu waendesha mashtaka wa nchi wanachama, kiitwacho Eurojust, chenye makao mjini The Hague na ambacho sasa kinaongozwa na kanuni ya mwaka 2018. Kila nchi hupeleka mjumbe wake, ambaye lazima awe mwendesha mashtaka, jaji au mtu mwenye mamlaka yanayolingana na hayo, kwa kipindi cha miaka 5 kinachoweza kurudiwa mara moja, na wajumbe hao ndio wanaomchagua rais wao kutoka miongoni mwao. Shughuli za utawala ziko chini ya mkurugenzi wa utawala. Sisemi kwamba Kenya iige yote, kwani chombo kile kinaunganisha nchi na hiki chetu kingeunganisha idara za nchi moja. Ninachokiona cha kufaa ni kwamba watu wa taaluma ndio wanaochaguana uongozi, na kwamba anayeshika ufunguo wa ofisi siye anayejadili kesi.

Kuhusu kuondolewa, kipimo chenu kiwe Kifungu cha 158. Mkurugenzi wa Mashtaka huondolewa kwa sababu zilizotajwa tu, kama vile kutoweza kazi kwa maradhi, kukiuka Sura ya Sita ya Katiba, inayohusu uongozi na uadilifu, kufilisika, kutojua kazi au utovu mkubwa wa nidhamu. Mtu anayetaka aondolewe hupeleka ombi kwa Tume ya Utumishi wa Umma, nayo ikiridhika humpelekea Rais, ambaye ndani ya siku 14 humsimamisha kazi na kuunda jopo la uchunguzi. Njia hiyo ni ndefu kwa makusudi. Mswada ukisema mwenyekiti au katibu wa baraza anaweza kuondolewa na Waziri kwa barua, au kwa sababu yoyote itakayoonekana kufaa, hapo pana tundu la kuzibwa.

Lipo tundu jingine ambalo Katiba haikuliziba, na ningependa lisemwe waziwazi katika maoni ya watu wa Lamu. Kipindi cha Mkurugenzi ni miaka 8, bila kurudiwa. Keriako Tobiko, aliyeshika ofisi hiyo chini ya Katiba mpya kuanzia 2011, aliiacha mwaka 2018 akawa Waziri wa Mazingira. Noordin Haji aliyemfuata aliondoka mwaka 2023 kwenda kuongoza Idara ya Kitaifa ya Ujasusi, na nafasi yake ikachukuliwa na Renson Ingonga. Hakuna kati ya wawili wale wa kwanza aliyemaliza miaka 8, na hakuna aliyefukuzwa. Wote waliteuliwa kwenda kazi nyingine na Rais. Simtuhumu mtu kwa lolote, na sheria haikuvunjwa. Lakini ulinzi wa kutofukuzwa haumlindi mtu dhidi ya kutazamia cheo kitakachofuata, na mwananchi ana haki ya kuuliza. Pendekezo la kufikiriwa ni kwamba mtu aliyeongoza chombo cha mashtaka, au kukaa katika baraza lake la uratibu, asishike wadhifa wa kuteuliwa na Rais mpaka muda maalumu upite baada ya kuondoka. Huenda wakili akawaambia kwamba kwa Mkurugenzi mwenyewe jambo hilo linataka marekebisho ya Katiba. Kwa wajumbe wa baraza sheria ya kawaida inatosha.

Fedha na wafanyakazi

Tafuteni nani anaandaa bajeti ya baraza na nani anaiidhinisha. Mahakama ina mfuko wake katika Kifungu cha 173 cha Katiba. Ofisi ya mashtaka haikupewa mfuko wa namna hiyo na Katiba, kwa hiyo kila mwaka hulazimika kujitetea mbele ya Hazina na Bunge kama idara nyingine. Baraza likipewa uwezo wa kugawa fedha za ofisi ya Mkurugenzi, litakuwa limepata njia ya kumwelekeza bila kumwelekeza. Ulizeni pia sekretarieti itakaa katika jengo la nani, maana watumishi walioazimwa na wizara hurudi wizarani kutafuta vyeo. Sheria ya 2013 tayari imeunda Bodi ya Ushauri inayoisaidia ofisi katika mambo ya watumishi, kama kuajiri na kupandisha vyeo, basi angalieni kama mswada unaiacha, unaifuta au unaiwekea mshindani.

Neno moja juu ya kinga ya Katiba. Wengi hudhani kwamba uhuru wa Mkurugenzi hauwezi kuguswa bila kura ya maoni. Kifungu cha 255 kinalinda kwa kura ya maoni uhuru wa Mahakama na wa tume na ofisi huru za Sura ya Kumi na Tano, na Kifungu cha 248 kinapozitaja ofisi hizo kinataja mbili tu, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu na Msimamizi wa Bajeti. Mkurugenzi wa Mashtaka hamo. Ulinzi wake uko katika Kifungu cha 157 chenyewe, na hii ndiyo sababu ya kuzitazama kwa makini sheria ndogondogo zinazokizunguka.

Kuandika na kupeleka maoni

Kifungu cha 118 kinalitaka Bunge lishirikishe umma, na Kifungu cha 120 kinaifanya lugha ya Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge, kwa hiyo andikeni kwa Kiswahili bila wasiwasi, hata kama mswada umechapishwa kwa Kiingereza. Mkikwama katika istilahi, fungueni Katiba ya Tanzania, Ibara ya 59B, inayozungumzia uhuru wa Mkurugenzi wa Mashtaka kwa Kiswahili cha sheria kilichokwisha kukomaa.

Kila hoja iwe na sehemu tatu: kifungu kinachohusika, maneno mnayotaka yawekwe, na sababu. Maoni yasemayo tu kwamba mswada ni mbaya hayana pa kuingizwa. Kwa mfano, kama kifungu cha 9 cha mswada wa kubuni kingelipa baraza uwezo wa kuitisha taarifa yoyote kutoka kwa Mkurugenzi, hoja yenu ingeweza kusomeka hivi:

“Katika kifungu cha 9, maneno ‘taarifa yoyote’ yafutwe, na mahali pake paandikwe ‘takwimu na ripoti za jumla, isipokuwa taarifa inayohusu kesi ambayo mahakama haijaitolea hukumu.’ Sababu: kifungu kilivyo kinaliwezesha baraza, ambalo ndani yake wamo wakuu wa idara zinazokamata washukiwa, kuona na kujadili faili la mtu kabla Mkurugenzi hajaamua, kinyume na Kifungu cha 157(10) cha Katiba. Katika kaunti yetu wavuvi na wakata mikoko hukamatwa na maofisa wa idara hizohizo.”

Sentensi ile ya mwisho msiiache. Kamati ya Bunge hupokea hoja za kisheria kutoka kwa mawakili wengi, lakini ni wachache wanaoweza kuieleza sheria ilivyo ikifika gatini.

Mswada ukishasomwa mara ya kwanza hupelekwa kwa kamati, na kwa mambo haya kwa kawaida ni Kamati ya Haki na Sheria ya Bunge la Kitaifa, kisha tangazo la kuomba maoni hutolewa magazetini likiwa na anwani ya Karani wa Bunge na siku ya mwisho. Siku hizo huwa chache. Kwa hiyo kikundi cha BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufuo) au cha mtaa kinachongoja mpaka tangazo litoke ndipo kiitishe mkutano, na hali wajumbe wanatoka Kizingitini na Siyu kwa boti zinazotegemea maji kujaa, kitachelewa. Someni mswada mara tu unapochapishwa. Waraka wekeni sahihi, jina la kikundi na namba za kurasa, pelekeni kwa barua pepe, na nakala yenye muhuri wa kupokelewa iachwe katika ofisi ya mbunge wenu, awe wa Lamu Mashariki au Magharibi. Wabunge hukumbuka karatasi iliyopigwa muhuri mbele ya katibu wao.

Baada ya vikao, kamati huandika ripoti inayoonyesha maoni yaliyopokewa na uamuzi wake juu ya kila moja. Itafuteni. Isipopatikana, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaitaka ofisi ya umma ijibu ombi lenu ndani ya siku 21. Hoja yenu ikiwa imekataliwa, bado mbunge anaweza kuileta kama marekebisho katika hatua ya kamati ya Bunge zima, kabla ya kusomwa mara ya tatu, mradi apewe maneno yaliyokwisha kuandikwa vizuri. Rais naye ana siku 14 za kutia sahihi au kuurudisha mswada Bungeni, na barua kwake katika siku hizo si kazi bure.

Sheria ikipita ikiwa na kasoro, Kifungu cha 258 kinamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani akidai kwamba Katiba imekiukwa, na Mahakama Kuu ndiyo yenye uwezo wa kuamua kama sheria inapingana na Katiba. Watu wa Lamu si wageni wa njia hii: katika kesi ya bandari ya Lamu, Mahakama Kuu iliamua mwaka 2018 kwamba umma haukushirikishwa ipasavyo, ikaagiza wavuvi walipwe fidia ya zaidi ya shilingi bilioni 1.7. Katika kesi kama hiyo swali litakalotangulia kuulizwa ni kama mlipewa nafasi ya kusema na kama mliitumia, kwa hivyo nakala ya waraka wenu, muhuri wake na kumbukumbu za mkutano mliouandalia zihifadhiwe pamoja katika jalada moja, kwa katibu wa kikundi na si kwa mtu binafsi.